Shajara ya jasmini ya nyota kwenye ukuta wa lava, Himbi, Goma

Miche mitatu ya Trachelospermum jasminoides, yaani jasmini ya nyota. Ukuta wa mawe ya lava, urefu mita 7, kimo mita 2.2, uso wake unatazama mashariki. Paseli (kiwanja) haina udongo: ukikwangua vumbi la kina cha kiganja unakutana na jiwe. Kazi ni kuufunika ukuta wote kwa majani yasiyopukutika, na harufu ya maua ifike barazani jioni. Vipimo vyote vimechukuliwa kwa futi ya fundi na bido (dumu) la lita 20, kwa hiyo mwenye paseli ya lava anaweza kuvirudia kwake.

28 Agosti. Miche

Mjini hapa jina "jasmini" hubebeshwa mimea isiyo na undugu. Muuzaji mmoja anaweza kuwa na jasmini ya kweli, na kichaka kingine kinachonukia usiku lakini hakitambai, na hii ya nyota, akaiita yote mitatu jasmini. Vunja kikonyo cha jani moja. Jasmini ya nyota hutoa utomvu mweupe kama maziwa hapo hapo. Jasmini ya kweli haitoi. Alamanda nayo ina maziwa, ila majani yake hukaa matatu au manne kwenye kila kifundo. Ya nyota hukaa mawili mawili yakielekeana, kila jani ni zima, nene, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta.

Imechukuliwa miche ya sentimita 30 yenye vitawi vitatu au zaidi kutoka chini. Mrefu wenye kijiti kimoja umeachwa, maana sehemu ya chini ya ukuta itabaki uchi. Mifuko miwili imekataliwa kwa sababu mizizi ilikuwa imezunguka chini kama kata ya kubebea mzigo. Mizizi ya namna hiyo huendelea kujizungusha hata ikiwa shimoni.

Kuhusu upande wa ukuta: Goma iko kusini kidogo mwa ikweta. Ukuta unaotazama kaskazini hupata jua mwezi Juni na kulikosa Desemba. Wa kusini ni kinyume. Wa magharibi hupigwa na jua la alasiri, na lava nyeusi huhifadhi joto hilo hadi usiku, majani yakaungua ncha. Wa mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima na kivuli baada ya saa sita. Kwa mmea huu, mashariki hapana mpinzani.

1 Septemba. Mazuku kabla ya shimo

Himbi na maeneo ya kando ya ziwa kuelekea Sake yana mabonde ya mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini na kulala sehemu za chini, hasa alfajiri kabla ya upepo. Anayechimba huinama, na kichwa ndicho kinachotangulia kuingia kwenye hewa hiyo. Kabla ya kuanza, na tena shimo lilipofika sentimita 30 na 60, mshumaa umeshushwa kwa waya mrefu saa kumi na mbili asubuhi, mtu akiwa amesimama wima. Haukuzimika hata mara moja. Ungezimika, pasingechimbwa. Hata mmea haungefaidi kitu, kwa kuwa mizizi nayo huhitaji oksijeni.

3 hadi 6 Septemba. Mashimo

Mashimo matatu, kila moja sentimita 60 kwa 60 kwa 60, yaani lita 216. Yako mita 1.2, 3.5 na 5.8 kutoka kona ya kushoto, na kitovu cha kila shimo kiko sentimita 35 mbele ya ukuta. Karibu zaidi ya hapo, kichwa cha ukuta hukinga mvua na mche huwa kwenye ukavu huku paseli nzima imelowa.

Vifaa: mtaimbo, nyundo ya kilo 5, tindo mbili. Lava yenye vitundu hupasuka upesi. Ile iliyolala kama bamba haipasuki mpaka utafute ufa wake. Kupiga katikati ya bamba ni kuchosha mikono bure. Mwagia maji, subiri jua likaushe uso wa jiwe, kisha tazama mstari unaobaki na unyevu: huo ndio ufa, na hapo ndipo tindo inapoingia.

7 Septemba. Kipimo cha maji

Kila shimo limemiminiwa lita 20 kwa mkupuo mmoja. La 1 limekauka kwa dakika 4. La 2 kwa dakika 9. La 3 lilikuwa na maji hadi kesho yake asubuhi. Lote limekaa ndani ya bamba moja lisilo na ufa, basi ni sufuria. Mche uliopandwa humo utazama kwenye mvua za Aprili, na mwenye nao atadhani unahitaji maji zaidi, kwa kuwa jani la mche unaozama hunyauka sawasawa na la mwenye kiu.

Chini ya shimo la 3 bamba limetobolewa kwa tindo sentimita 15 zaidi. Kipimo cha pili: maji yamekauka kwa muda wa saa tatu. Hairidhishi, lakini inabebeka, kwa sharti shimo liinuliwe kwa duara la mawe lenye kimo cha sentimita 20, ili shina likae juu ya maji yakijaa.

Shimo la 1 lina hatari tofauti: udongo utafuata maji kwenye nyufa. Limetandikwa mawe ya ukubwa wa ngumi, juu yake changarawe, juu yake gunia kuukuu la nyuzi.

9 Septemba. Udongo

Mchanganyiko: sehemu 3 za udongo mweusi, 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza miezi minne, 1 ya changarawe nyepesi ya volkano isiyozidi ukubwa wa harage. Mashimo matatu yanahitaji karibu lita 650, lakini udongo hushuka, basi yameletwa magunia 8 ya udongo, 3 ya samadi na 3 ya changarawe, kwa chukudu (kipikipiki cha mbao cha kusukuma, kisicho na injini), safari tatu. Bei ya udongo mjini hupanda mvua ikianza, kwa hiyo agiza Agosti.

Gunia moja la udongo limerudishwa. Lilikuwa limechanganywa na majivu ya makala (makaa). Wengi hapa humwaga majivu kwenye maua wakidhani ni mbolea. Kwa mmea huu ni madhara, kwa sababu majivu huondoa asidi ya udongo na kuufungia mizizi chuma. Samadi ipimwe kwa mkono: chovya mkono katikati ya gunia. Ikiwa na joto, bado inachemka na itaunguza mizizi.

11 hadi 13 Septemba. Kulabu na waya

Jasmini hii hujisokota. Haina vikucha vya kushika jiwe, na haiwezi kuzunguka nguzo nene; inataka kitu chembamba. Nyaya tano za mabati za milimita 3 zimelazwa sentimita 40, 80, 120, 160 na 200 kutoka chini. Mita 38 zimetosha pamoja na mafundo ya mwisho.

Skrubu na plagi za plastiki zimejaribiwa mara mbili na kuachwa. Lava ina matundu ndani, ukitoboa kuta za tundu hubomoka, plagi inazunguka bila kushika. Badala yake zimetengenezwa kulabu 25 za chuma cha milimita 8, kila moja sentimita 17: sentimita 10 ndani ya ukuta, 7 nje. Zimepandwa kwenye viungo kati ya mawe, kamwe si kwenye jiwe lenyewe. Kiungo kimekwanguliwa, kikaloweshwa, kikajazwa simenti 1 kwa mchanga 3. Safu tano za wima, kila mita 1.6 hivi. Zimemwagiwa maji siku tatu na kuachwa siku saba kabla ya kukaza waya; zilizokazwa mapema hulegea na hazishiki tena.

Sentimita 7 kati ya waya na ukuta ni lazima. Upepo hupita nyuma ya majani, na mkono wa mwenye kupogoa hupita pia. Chini ya ukuta lilitandazwa turubai wakati wa kazi, maana matone ya simenti yakiingia shimoni yana kosa lile lile la majivu.

20 Septemba. Kupanda

Mvua mbili zimekwisha kunyesha. Kila mfuko umezamishwa kwenye ndoo mpaka mapovu yakome, dakika 10 hivi. Mizizi ya nje imelegezwa kwa vidole. Uso wa udongo wa mche umekaa sawa na uso wa shimo, na mche umelazwa kidogo kuelekea ukutani. Lita 10 kwa kila mmoja. Kijiti cha mwanzi kimeunganisha shina na waya wa kwanza, kikafungwa kwa vitambaa vilivyopishwa kama namba 8. Waya au kamba ya nailoni hukata gome katika mwaka wa pili shina likinenepa. Matandazo ya majani makavu ya mgomba, unene wa sentimita 8, yakiacha sentimita 10 wazi kuzunguka shina.

10 Oktoba

Hakuna ukuaji wa kuonekana. Ni kawaida: mizizi ndiyo inayofanya kazi sasa. Usiongeze mbolea kwa kukosa subira.

23 Novemba. Shimo la 1 limezama

Udongo umeshuka sentimita 12 upande mmoja, na mizizi miwili iko nje. Gunia la chini limepitiwa na maji pembeni, udongo ukaingia ufani. Upande huo umefunuliwa, mwanya umezibwa kwa changarawe iliyopigwa kwa kipande cha ubao, udongo ukarudishwa. Kosa lilikuwa kulitandika gunia bapa. Lilipaswa kupanda kwenye kuta za shimo sentimita 20 kila upande, kama kikapu.

4 Desemba. Mvua chungu

Moshi wa volkano ya Nyiragongo kwa kawaida husukumwa upande wa magharibi, lakini juzi ulilala juu ya mji. Mvua iliyofuata ilisomeka pH karibu 4.5 kwenye karatasi ya kupimia asidi (7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni magadi). Majani machanga yana madoa ya kahawia pembezoni, makomavu hayakuguswa kwa unene wao. Dawa yake ni kuyaosha kwa maji safi siku hiyo hiyo, kabla jua halijayakausha. Majani yaliyoungua hayakatwi, bado yanalisha mmea.

Urefu wa kitawi kirefu zaidi: mche wa 1 sentimita 44, wa 2 sentimita 41, wa 3 sentimita 33.

15 Machi. Magamba

Sisimizi weusi wadogo walikuwa wakipanda na kushuka mche wa 2. Walionyesha njia: chini ya majani, kando ya mshipa wa kati, kuna vidonge vya kahawia visivyosogea, ukubwa wa kichwa cha kiberiti au chini yake. Ni wadudu magamba. Hunyonya utomvu na kudondosha majimaji matamu. Sisimizi huyafuata na kuwalinda, na juu ya majani hukua ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Anayeosha masizi na kuacha magamba atarudi kuosha tena.

Gramu 20 za sabuni ya kipande zimekwanguliwa katika lita 1 ya maji ya uvuguvugu. Magamba yamesuguliwa kwa mswaki laini, kisha majani yakanyunyizwa kwa chini, jioni, na kusuuzwa asubuhi. Kazi hiyo imerudiwa baada ya siku 8 na siku 16, kwa sababu mayai yaliyo chini ya gamba hayafi kwa mara moja. Njia ya sisimizi kwenye mwanzi imepakwa grisi. Kwenye shina lenyewe grisi haipakwi.

20 Mei

Mche wa 1 sentimita 95, wa 2 sentimita 88, wa 3 sentimita 52. Vitawi vipya vimeanza kujisokota. Ncha iliyozungushwa kwenye waya kinyume na mwelekeo wake ilikutwa imejifungua kesho yake, imesimama hewani. Tazama kwanza vitawi vilivyojishika vyenyewe vinazungukia upande gani, uzungushe wako vivyo hivyo. Kila mche umepewa gramu 30 za mbolea ya 17-17-17 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa), ikatawanywa sentimita 30 mbali na shina na kumwagiwa maji. Zaidi ya hapo ni kununua majani na kuuza maua.

6 Julai. Manjano

Kosa kubwa la mradi. Pipa la mvua la lita 200 lilikwisha tarehe 12 Juni, na tangu hapo miche imenyweshwa maji ya ziwani, lita 10 kila mmoja mara mbili kwa wiki. Sasa majani ya juu ya miche yote mitatu ni ya manjano, lakini mishipa imebaki kijani kibichi: kila jani limechorwa kama wavu wa mvuvi. Ya chini ni mazima.

Mahali manjano yanapoanzia panataja ugonjwa. Mmea ukipungukiwa nitrojeni, huitoa kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye mapya, basi ya chini hutangulia kugeuka. Chuma hakihamishiki hivyo. Kikikosekana, majani mapya ndiyo huzaliwa na upungufu. Hapa ni chuma. Samadi zaidi isingesaidia kitu.

Chuma kimo udongoni, ila kimefungwa. Maji ya juu ya Ziwa Kivu yana pH karibu 9 na chumvi karibu gramu 1 kwa lita, nyingi ikiwa bikaboneti za sodiamu na magnesiamu. Maji ya bomba ya mjini nayo chanzo chake ni ziwa hilo hilo. Kila bido ni dozi ndogo ya magadi.

Siki imejaribiwa. Katika ndoo ya lita 20, kijiko kimoja hakikubadilisha rangi ya karatasi. Mililita 250 za siki nyeupe zilitoa mapovu mengi na karatasi ikashuka hadi 6.5. Ndoo ikaachwa wazi. Asubuhi ilisoma karibu 8: gesi ilikuwa imetoka, bikaboneti iliyosalia ikarudi kutawala. Na sodiamu haikwenda popote. Siki inaweza kuokoa wiki moja, haiwezi kubeba kiangazi kizima.

24 Julai. Tanki

Paa lina mita za mraba 48, mvua ya milimita 10 hutoa lita 380 hivi baada ya kinachopotea. Miche mitatu kwa lita 10 mara mbili kwa wiki ni lita 60. Wiki 13 za Juni hadi Agosti ni lita 780. Tanki la lita 1,000 likijaa mwisho wa Mei linatosha na ziada. Limewekwa juu ya jukwaa la mawe, mfereji wa mabati ukielekezwa humo, na bomba la kugeuza limetangulia: maji ya mwanzo ya kila mvua hutupwa, yana vumbi, majivu ya volkano na ukali wa moshi. Tanki limefunikwa, mbu wasizaliane.

3 Agosti

Mvua ya kwanza ya maana. Kila shimo limesuuzwa kwa lita 40 za maji ya tanki, polepole, kwa awamu nne. Hapa lava imesaidia: chumvi imeshuka na maji. Shimo la 3 limesuuzwa kwa siku mbili, lisijae. Majani yamenyunyizwa salfeti ya chuma, gramu 5 kwa lita, na tone la sabuni, jioni. Kuimwaga salfeti hiyo kwenye udongo uliozoea magadi ni hasara, hufungwa humo ndani ya siku chache. Chuma cha aina ya EDDHA, kilichokingwa kwa kemikali kisifungwe na magadi, ndicho huvumilia udongo huo, ukikipata.

30 Agosti

Majani yaliyokuwa ya manjano yamerudi kijani kwa madoa, pale dawa ilipogusa tu. Yaliyochipua baada ya kusuuza ni kijani kamili. Hayo ndiyo ya kuangalia. Jani la zamani haliwezi kutoa ushahidi wa udongo wa leo.

12 Oktoba. Maua

Vichwa vya maua vya kwanza vilionekana wiki tatu baada ya mvua kurudi: mche wa 1 una vishada 14, wa 2 una 9, wa 3 hauna. Kila ua lina sentimita 2 hivi, petali tano zimepindwa upande mmoja kama feni inayozunguka. Mchana harufu ni kidogo. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, upepo ukitulia, imefika mita 6, kwenye kiti cha mwisho cha baraza.

Urefu: sentimita 160, 150, 85. Mche wa 3 unaendelea kulipa deni la bamba lake.

17 Novemba. Kupogoa na kuzalisha

Maua yameisha, ndiyo saa ya kukata. Vichwa hutokea kwenye vitawi vifupi vya mbao ya msimu uliopita, kwa hiyo anayepogoa Agosti hukata maua ya Oktoba. Vitawi vilivyotoka mbele ya ukuta vimefupishwa hadi jozi mbili za majani. Virefu vimelazwa kwenye waya wa chini kwanza, kushoto na kulia, kabla ya kuruhusiwa kupanda. Utomvu hunata na huwasha ngozi na macho. Glavu zimevaliwa, mkasi umefutwa kwa mafuta ya taa kila mche.

Vipande 20 vya sentimita 12, vya kijiti kilichoanza kukakamaa chini, vimeoshwa maziwa kwenye maji mpaka yakome, vikapandwa kwenye mchanga wa volkano na mboji, nusu kwa nusu, chini ya dumu la plastiki lililokatwa, kivulini. Vitahesabiwa baada ya wiki 8. Pia kitawi kimoja cha mche wa 2 kimelazwa ardhini, gome limekwanguliwa chini ya kifundo, kikafunikwa udongo wa sentimita 5 na jiwe juu yake. Hiki ndicho cha kutumainiwa zaidi, maana kinanyonya kwa mama yake mpaka kiwe na mizizi yake. Kikishika, kitapandwa kwenye shimo jipya mita 4.6 kutoka kona, kusaidia upande wa mche wa 3. Shimo hilo bado halijapimwa maji.